Ukuta wa kuzuia udongo Wete, Pemba, umeinama sentimita 7 baada ya masika: kosa ni maji, udongo au msingi?

#1 Mkaazi_Wete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba wenye ujuzi wa kujenga kwenye vilima mniangalizie hili kabla vuli haijaingia.

Nyumba imekatiwa kwenye mteremko, na nyuma yake kuna ukuta wa kuzuia udongo. Kwenda juu ni mita 2.2, kwenda mbele mita 18. Tofali za saruji za inchi 6. Msingi una upana wa sm 45 na kina cha sm 30. Kila baada ya mita 3 ipo nguzo ya zege yenye nondo nne za mm 12. Hakuna tundu hata moja la kutolea maji. Nyuma yake ulirudishwa udongo uleule uliochimbwa, mfinyanzi wa kijivu unaoganda kwenye chepe.

Baada ya masika, timazi inaonyesha juu umetoka nje sm 7. Kuna ufa wa kulala kwenye kozi (safu ya tofali) ya tatu kutoka chini, na katikati ukuta umetoa tumbo. Fundi wa kwanza anasema msingi ni mdogo. Wa pili anasema maji. Wa tatu anasema udongo wenyewe unavimba. Nani yuko sahihi, na je, ukuta unaokolewa au unavunjwa?

#2 Zege_Kavu
Wa alaykum salaam. Maji.

Udongo uliopitisha maji vizuri, wenye uzito wa kama tani 1.8 kwa mita ya ujazo, unausukuma ukuta wa kimo hicho kwa takriban tani 1.45 katika kila mita moja ya ukuta. Maji yakijaa nyuma mpaka juu, yenyewe peke yake yanasukuma tani 2.4. Udongo uliozama unapungua msukumo wake hadi kama tani 0.7 kwa sababu maji yanaubeba, lakini jumla inafika tani 3.1. Mzigo umezidi mara mbili na ukuta ni uleule. Pemba inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa inamwagika Machi hadi Mei. Ukuta bila matundu hapo haukuwa na njia.

#3 Mpima_Vilima
Hesabu ya #2 naikubali, hukumu yake siikubali. Ukuta wa inchi 6 kwa mita 2.2 haufai hata kiangazi.

Msukumo ule wa tani 1.45 unashika kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, kama sm 73. Nguvu ya kupindua, yaani msukumo mara kimo hicho, inakuwa tani-mita 1.06 kwa kila mita. Uzito wa tofali zenyewe ni kama tani 0.66 kwa mita, na ukiupima kutoka ukingo wa nje wa tofali, unarudisha tani-mita 0.05 tu. Nguzo zimebebeshwa mita 3 za udongo kila moja, na katika nondo nne ni mbili za upande wa udongo ndizo zinazovutwa. Haziwezi.

Sasa mtauliza, mbona ulisimama mpaka leo? Kwa sababu mfinyanzi mkavu hujishikilia wenyewe. Tazameni kingo zilizokatwa wima kando ya barabara: zinakaa kiangazi kizima bila kitu mbele yake. Ukuta huu ulikuwa pazia mbele ya mlima. Ulipolowa mlima, pazia likaonekana ni pazia. Kwa hiyo kuutoboa matundu leo hakutaufanya kuwa ukuta wa kuzuia udongo.

#4 Zege_Kavu
Mpima, hapo umesema kwa njia nyengine kwamba ni maji. Bila kulowa usingeinama.

#5 Mpima_Vilima
Bila kulowa usingeinama *mwaka huu*. Anayejenga Pemba anajenga kwa ajili ya masika. Mvua ni mzigo unaojulikana tangu siku ya kwanza, hauwezi kuwa ndio kosa.

#6 Kinamo
Wote wawili mmeruka jambo ambalo muulizaji ameliandika: mfinyanzi wa kijivu unaoganda kwenye chepe. Hicho ni kinamo, si kinongo chekundu. Mfinyanzi mwekundu wa vilimani mara nyingi una kaolinaiti nyingi, madini ya mfinyanzi yasiyonyonya maji sana, na hauvimbi sana. Wa kijivu na mweusi wa mabondeni mara nyingi una smektaiti, madini yanayonyonya maji, nao unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Angalieni unavyofanya kazi nyuma ya ukuta. Kiangazi unasinyaa, unaachana na ukuta, nyufa zinafunguka kwenda chini. Punje kavu za juu zinadondoka ndani ya nyufa. Masika udongo unavimba na kutaka nafasi yake, lakini nafasi imeshajazwa. Unasukuma ukuta milimita chache. Kiangazi kinachofuata ukuta haurudi, ufa unafunguka upya, unajazwa tena. Kila mwaka hatua moja kwenda mbele. Matundu ya maji hayatibu hilo.

Kabla hatujabishana, apime. Hahitaji maabara:

Achukue udongo wa kina cha kama mita 1 nyuma ya ukuta, aukaushe kivulini, autwange, auchekeche kwa chekecheke jembamba la unga. Atafute chupa mbili za kunyonyeshea zenye alama za mililita (zisirudi tena kwa mtoto). Aweke gramu 30 za udongo kila moja. Moja aijaze maji, ya pili mafuta ya taa. Atikise mapovu yote yatoke, aziache saa 24. Mafuta ya taa hayauvimbishi udongo, maji yanauvimbisha. Achukue kimo cha udongo kwenye maji, atoe cha kwenye mafuta, agawanye kwa cha kwenye mafuta. Chini ya asilimia 50, kuvimba si tatizo kubwa. Ikipita 100, asirudishe udongo huo nyuma ya ukuta wowote.

#7 Bi_Konde
Kaka Mkaazi, kabla ya chupa naomba majibu manne, maana kila kosa lina alama yake:

1. Teremsha timazi sehemu tatu, pima juu, katikati na chini kabisa. Juu kukitoka na chini kubaki, ukuta unapinduka au unakunjika. Chini kukitoka pamoja na juu, unateleza. Chini kukitoka na juu kurudi nyuma, si ukuta unaokwenda, ni mlima mzima unaozunguka.
2. Panda juu ya ukuta. Upo ufa ardhini unaokwenda sambamba nao? Uko umbali gani? Ndani ya mita 2 ni jambo la ukuta. Ukiwa mbali zaidi na umepinda mfano wa mwezi mwandamo, simamisha kila kitu, toeni watu vyumba vya nyuma, mtafute mhandisi.
3. Maji ya paa yanaangukia wapi?
4. Karo la choo liko upande gani?

#8 Mkaazi_Wete
Ahsante dada. Nimepima. Juu sm 7, katikati ya kimo sm 5, chini kwenye kozi ya kwanza sm 1. Ufa wa ardhini upo, umbali wa mita 1.1 nyuma ya ukuta, umenyooka, unaingia kidole. Nyumba ya juu yetu ina mabati, maji yake yanaanguka upande huu bila mlizamu (mfereji wa kukinga maji ya paa). Na karo lao liko kama mita 4 kutoka ukutani, juu.

#9 Zege_Kavu
Mita 4, juu, kwenye mfinyanzi! Na paa bila mlizamu. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000, na zote zinaingia kwenye ule ufa ulio mita 1.1 nyuma ya ukuta. Ufa huo ukijaa maji, unasukuma ukuta hata kama udongo wa pembeni yake ni mkavu. Mfinyanzi unapitisha maji polepole sana, lakini ufa haupitishi polepole.

#10 Jirani_wa_Ole
Mimi nasimama na karo. Mvua inakoma Juni, karo halikomi. Muulizaji aangalie kama chini ya ukuta kunabaki majimaji hata wiki ya tatu bila mvua. Pakibaki, tatizo linatiririka mwaka mzima na mlizamu hautalimaliza. Harufu itamwambia, na majani yatakuwa mabichi mahali pamoja tu.

#11 Fundi_Mtambile
Salaam. Mnaongea juu ya ukuta, hamjaangalia chini. Msingi wa upana wa sm 45 na kina cha sm 30 kwenye mfinyanzi ni msingi wa ukuta wa uani. Ukuta unaosukumwa haukandamizi msingi sawasawa: uzito wote unahamia kwenye ukingo wa mbele. Hapo mbele ndipo maji yanaposimama, ndipo mfinyanzi unapolainika. Ukingo wa mbele unazama, wa nyuma unanyanyuka, ukuta unainama. Ile sm 1 ya chini ndiyo ushahidi wangu.

Chimba mbele ya ukuta, mahali pamoja tu, upana wa chepe moja, mpaka uuone msingi. Weka pima maji juu ya zege la msingi. Ukilala kuelekea nje, ni msingi. Ukiwa sawa, nimeshindwa. Usichimbe mfereji mrefu mbele, maana udongo wa mbele ndio unaouzuia usiteleze. Wengi wameangusha ukuta wakiukagua.

#12 Maweni_Makunduchi
Poleni watu wa vilimani. Huku kwetu Makunduchi, kusini Unguja, tunachimba sm 20 tunagonga jiwe.

Ushauri: vunja, jenga kwa mawe. Ukuta wa uzito, juu sm 45, chini mita 1.4, uso wa mbele ulale kidogo kuelekea mlimani. Mawe ya matumbawe magumu, si yale yanayosagika mkononi. Jiwe refu lipite kwenda ndani kila mita ya mraba ili nyuso mbili zishikane. Kwa mita 18 zinaingia kama mita za ujazo 36 za ukuta, juu ya msingi. Saruji mifuko 60 inatosha.

#13 Zege_Kavu
Mifuko 60 haitoshi. Kwenye ukuta wa mawe, mota (saruji na mchanga wa kushikia mawe) inachukua kama theluthi ya ujazo, kwa hiyo mita za ujazo 12. Mota ya 1:4, saruji moja kwa mchanga nne, inakula mifuko 7 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 90 bila ya msingi. Ukipeleka 60 fundi atafanya 1:7 bila kukwambia.

#14 Maweni_Makunduchi
Nakubali, 90. Nilihesabu mota robo, na mawe yetu huku tunayachonga yakae karibu karibu.

#15 Mpima_Vilima
Vipimo vya #12 ni vizuri kwa kupinduka, lakini mfinyanzi uliolowa unaua kwa kuteleza. Ukuta huo una kama tani 4.1 kwa mita kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni mepesi kuliko mawe ya bara. Msuguano wa mawe juu ya mfinyanzi ukiuchukua 0.4, unazuia tani 1.6. Msukumo bila maji ni 1.45. Hapo umenusurika kwa unywele. Matundu yakiziba, msukumo unafika 3.1 na ukuta unatembea ukiwa umesimama wima kabisa.

Kwa hiyo ushushwe chini ya ardhi ya mbele si chini ya sm 50, kitako kilale kwenda nyuma kwa mteremko wa 1 kwa 10, na kabla ya jiwe la kwanza pawe na zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) la sm 10. Usijenge juu ya tope la jana. Mfinyanzi ukichimbwa ufunikwe siku ileile, la sivyo toa sm 5 za juu tena kesho yake.

#16 Kaskazini_Baridi
Amani kwenu. Niko Toronto, huku kuta za mabustani zinajengwa kwenye mfinyanzi pia, na maelezo ya Kinamo #6 yamenigusa kwa sababu tunalo tatizo lilelile, ila huku kinachozisukuma kuta ni barafu.

Watu wengi wanadhani ukuta unasukumwa kwa sababu maji yanaongezeka asilimia 9 yakiganda. Hiyo ni sehemu ndogo. Udongo wenye chembe ndogo unapoganda unayanyonya maji ya chini yake na kuyaleta kwenye mstari wa baridi, yanajipanga matabaka ya barafu, na matabaka yanaendelea kunenepa maadamu maji yapo na baridi ipo. Kwenye msingi matabaka yanalala, yananyanyua. Kwenye ukuta wa kuzuia udongo baridi inaingia kupitia uso wa mbele, kwa hiyo matabaka yanasimama sambamba na ukuta na kuusukuma mlalo. Majira ya kuchipua barafu inayeyuka, udongo unadondoka kwenye nafasi, ukuta haurudi. Hatua moja kila mwaka, kama alivyosema.

Dawa ya huku: msingi wa zege unashushwa chini ya kina cha kuganda, ambacho Toronto ni mita 1.2, na kusini mwa Minnesota kule Marekani kanuni inataka inchi 42, kaskazini yake 60. Nyuma ya ukuta mfinyanzi unaondolewa na kuwekwa kokoto safi, kwa sababu kokoto haina uwezo wa kunyonya maji kwenda kwenye baridi. Wengine wanaweka mabao ya povu nyuma ili baridi isipite.

Au hawatumii msingi wa zege kabisa. Wanapanga matofali mazito yasiyo na mota juu ya tabaka la kokoto iliyoshindiliwa la sm 15, kozi ya kwanza ikizikwa, na kila kozi mbili wanalaza jiogridi, wavu wa plastiki mgumu, unaoingia nyuma kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya kimo cha ukuta. Ukuta huo unaruhusiwa kucheza kidogo bila kupasuka.

#17 Jirani_wa_Ole
Kaskazini_Baridi, karibu. Barafu tunayoijua Pemba ni ya kwenye juisi ya ukwaju, lakini somo limefika.

#18 Kinamo
#16 amenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Kokoto nyuma ya ukuta kwetu haizuii kuganda, ila inafanya kazi mbili: inatoa maji, na inauweka mfinyanzi unaovimba mbali na ukuta. Tabaka la sm 30 kutoka chini mpaka karibu na juu. Usijaze kokoto kimo chote: sm 30 za mwisho zifunikwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa wenye mteremko wa kwenda mbali na ukuta, ili mvua isiingie moja kwa moja kwenye kokoto. Kwa mita 18 zinahitajika kama mita za ujazo 10.

Na kati ya kokoto na mfinyanzi lazima kitambaa cha kuchuja, jiotekstaili. Kikikosekana, kokoto itajaa tope na kila kitu kitaganda kuwa ukuta mwengine. Magunia ya plastiki ya mchele si badala yake. Yanaziba au yanaoza kwa jua kabla hayajafukiwa.

#19 Fundi_Mtambile
Kokoto ya matumbawe iliyopondwa ioshwe au ichekechwe kwanza. Vumbi lake likilowa linashikana na kuziba. Tumia ya mm 20 hadi 40. Matundu yawe ya bomba la plastiki la inchi 3, kila mita 1.2, mstari wa chini uwe sm 20 juu ya ardhi ya mbele, yaelekee nje kidogo. Mita 18 ni matundu 15 kwa mstari, mistari miwili. Tundu lililochomekwa kwenye mfinyanzi mtupu bila kokoto nyuma linakausha kiasi cha ngumi, basi.

#20 Majani_Mabichi
Mbona hakuna aliyetaja gabioni? Kikapu cha waya cha mita 2 kwa 1 kwa 1, unajaza mawe ya sm 10 hadi 20, maji yanapita kila mahali, hakihitaji tundu, hakipasuki ardhi ikicheza. Na juu ya mteremko upande mchaichai, mizizi inashika udongo.

#21 Bi_Konde
Gabioni nakuunga mkono, mradi waya uwe umepakwa zinki na kufunikwa plastiki. Hakuna mahali Pemba palipo mbali na hewa ya chumvi. Na kwa mita 2.2 mpango ni vikapu viwili chini, kimoja juu, na unataka nafasi ya mita 2 kwenda nyuma. Muulizaji anayo nafasi hiyo?

Mchaichai hapana. Mizizi yake ni mifupi. Unachokisudia ni vetiva, inafanana nayo kwa mbali, na mizizi yake inashuka mita 2 hadi 3. Vichipukizi vipandwe sm 10 hadi 15 kimoja na chengine, mistari ikikata mteremko, masika yakianza. Inashika udongo wa juu. Haishiki ukuta wa mita 2.2.

#22 Majani_Mabichi
Vetiva, ndiyo. Ahsante kwa kunirekebisha.

#23 Mhandisi_Kipupwe
Nawaongezea chaguo la zege lenye nondo, maana watu wanaliogopa kwa gharama bila kulihesabu. Kitako upana mita 1.4 unene sm 25, ukuta unene sm 20. Jumla kama mita za ujazo 14 kwa mita 18. Zege la 1:2:4 linakula mifuko 6 na nusu kwa mita ya ujazo, jumla 91. Saruji ni sawasawa na ukuta wa mawe wa #13. Kinachozidi ni nondo, si chini ya kilo 600, na mbao za kufungia.

Faida yake ni kisigino. Sehemu kubwa ya kitako, kama sm 90, inaingia nyuma chini ya udongo, na uzito wa udongo ulio juu yake ndio unaoukalia ukuta usipinduke wala usiteleze. Udongo unajizuia wenyewe.

Nondo za kusimama ni mm 12 kila sm 15, na zinakaa upande wa udongo. Naandika kwa msisitizo: upande wa udongo, sm 5 ndani ya zege. Huko ndiko zege linakovutwa. Mafundi wengi wanaziweka katikati au upande wa nje kwa sababu ndiko wanakosimama wakifunga. Ukuta wa namna hiyo unakatika kwenye kiungo cha chini, bila onyo refu. Mchanga usiwe wa ufukweni. Una chumvi, unakula nondo, na kuchimba mchanga Zanzibar kunahitaji kibali.

#24 Maweni_Makunduchi
Kwa hiyo kwa saruji ileile mimi sina nondo ya kushika kutu. Nabaki na mawe.

#25 Mhandisi_Kipupwe
Na unabaki na mita za ujazo 24 za mawe ya kununua, kupakia na kuchonga. Pemba mawe mazuri hayako kila mahali kama Makunduchi. Kila mtu na kilicho karibu naye.

#26 Mkaazi_Wete
Majibu ya vipimo. Nimefanya ya chupa: kwenye mafuta ya taa udongo umekaa mililita 30, kwenye maji 48. Nimechimba mbele chepe moja: msingi unalala nje kidogo, povu la pima maji limegusa mstari lakini halijauvuka. Majimaji chini ya ukuta yapo upande mmoja tu, upande wa karo, mita kama 5 za mwisho. Lakini tumbo kubwa la ukuta liko katikati, si upande huo.

#27 Kinamo
48 toa 30, gawa kwa 30: asilimia 60. Unavimba.

#28 Zege_Kavu
Wewe mwenyewe umesema 100 ndiyo hatari. 60 ni wa wastani. Na tumbo katikati ya ukuta ndipo maji ya paa yanapoanguka. Mkaazi, ni hivyo?

#29 Mkaazi_Wete
Ndiyo, katikati ndiko ukingo wa paa lao uliko.

#30 Fundi_Mtambile
Na msingi umelala. Povu kugusa mstari ni mwanzo.

#31 Mpima_Vilima
Na ukuta ni inchi 6. Hata mkikubaliana nyote watatu, ukuta mnene ungestahimili hayo yote kwa pamoja.

#32 Jirani_wa_Ole
Na karo bado linavuja. Mita 5 za mwisho msizisahau kwa sababu tumbo liko kwengine. Msingi wa upande huo utakuwa umelainika kwa mwaka mzima.

#33 Bi_Konde
Wakati mnabishana, ukuta uko juu ya vyumba vya watu. Mkaazi, fuata mpangilio huu:

Wiki hii, zungumza na jirani wa juu, kwa upole, mlizamu ufungwe na maji yapelekwe pembeni kwa bomba. Ufa wa ardhini uzibwe kwa mfinyanzi wenye unyevu kidogo ulioshindiliwa, juu yake turubai. Watoto wasicheze mbele ya ukuta.

Weka egemeo kabla ya kugusa kitu. Boriti nene kila mita 1.5, zikiegemea ukuta kwenye theluthi mbili ya kimo, chini zikikita kwenye kigingi au kipande cha zege, si juu ya udongo mtupu.

Kisha punguza mzigo kutoka juu. Udongo wa nyuma uchimbwe kwa tabaka za sm 50, ukilazwa mteremko wa 1 kwa 1, na uchukuliwe mbali. Rundo likiwekwa juu ya ukingo unaurudishia ukuta mzigo uleule. Uvunjwe baada ya udongo kushuka, na kwa vipande vya mita 3 hadi 4, jenga kimoja kabla ya kufungua chengine. Ukifungua mita 18 kwa mpigo, unaukaribisha mlima ndani.

Kipupwe ndio wakati wake. Mwisho wa Septemba awe ameshafukia.

#34 Mkaazi_Wete
Dada Bi_Konde ahsante sana, na nyote. Udongo uliotoka tukiuchanganya na chokaa unaweza kurudi nyuma ya ukuta? Mzee mmoja anachoma chokaa ya mawe hapa karibu.

#35 Kinamo
Chokaa inapunguza kuvimba kweli. Asilimia 5 ya uzito mkavu, kama kilo 80 kwa mita ya ujazo, iwe imeshazimwa na kuchekechwa, ichanganywe udongo ukiwa na unyevu, iachwe siku moja, ndipo ishindiliwe kwa tabaka za sm 15. Irudi nyuma ya kokoto, isirudi mahali pa kokoto.

#36 Mhandisi_Kipupwe
Na kushindilia ndani ya mita 1 kutoka ukutani ni kwa mkono tu. Mashine nzito karibu na ukuta mpya inausukuma kuliko masika. Kusubiri nako kuna kiasi chake: zege lipate angalau siku 14, mawe yenye mota vilevile, kabla ya tabaka la kwanza. Halafu kuhusu bomba la chini la kukusanyia maji, hakuna aliyelitaja: bomba lenye vitobo la inchi 4, nyuma ya ukuta chini kabisa ndani ya kokoto, mteremko wa sm 1 kwa kila mita. Kwa mita 18 ni sm 18 za kushuka, kwa hiyo amua mapema linatokea upande gani.

#37 Jirani_wa_Ole
Upande usio na karo, tafadhali.

#38 Fundi_Mtambile
Ila upande usio na karo ndio wa juu, kwa picha ninayoipata. Mkaazi, pima kwa mpira wa maji ncha zote mbili utuletee tofauti ya kimo kabla hujanunua bomba.